Mtoto Atabaki na Nani?

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanawake mafundi na wahandisi wenye asili ya Kalenga, kwenye mkutano wa mwaka na harambee ya chama chetu



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya wasichana na kazi za ufundi. Tumejadiliana kwa simu kwa muda, maana mmoja wetu yuko kwenye mitambo ya umeme, mwingine kwenye miradi ya maji, mwingine barabarani, na wawili wanafundisha vyuoni. Tukakubaliana hotuba iwe moja na isomwe na mmoja. Basi mkisikia "sisi", msidhani msomaji anajikweza. Tuko wengi kweli.

Tulitumwa tuwaombee mabinti karo. Tutaiomba, wala hatutaisahau. Lakini tukija hapa tukaomba karo peke yake tutakuwa tumewaambia nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowarudisha mabinti nyumbani baada ya ninyi kuwasomesha.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua. Ruaha Mdogo unaopita Kalenga hauishii kwenye bustani zetu za nyanya. Unateremka kuungana na Ruaha Mkuu, maji yanaingia bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 80. Yakitoka hapo yanashuka Kidatu, megawati 204. Yakitoka Kidatu yanaingia Rufiji, yanafika bwawa la Julius Nyerere, ambako mashine ziko tisa na kila moja ina megawati 235. Maji ambayo binti wa Kalenga anachota asubuhi na kuyafulia sare zake za shule, hayo hayo yanawasha taa Dar es Salaam. Sasa hesabuni mabinti wa Kalenga walioko kwenye vyumba vya kuongozea mitambo hiyo. Hamtahitaji vidole vya mikono miwili.

Wala si kwamba ufundi ni mgeni kwetu. Ifunda ipo hapa hapa jimboni. Ilifunguliwa mwaka 1951 kama shule ya ufundi, na baba zetu na kaka zetu walitoka pale wakiwa maseremala, waashi na makenika. Mama zetu nao wanasuka vikapu vya milulu ambavyo watalii wanavinunua, na kila anayejua kazi ya vipimo akikiangalia kikapu kile anaona hesabu ndani yake. Mgeni kwetu ni fundi mwenye mimba. Huyo bado hatujajua tumweke wapi.

Majina ya kuwaonyesha mabinti yapo. Mhandisi Stella Manyanya alikuwa TANESCO kabla ya kuingia kwenye siasa. Mhandisi Maryprisca Mahundi, mbunge wa viti maalumu kutoka Mbeya kwa jirani zetu, aliteuliwa Naibu Waziri wa Maji Desemba 2020. Tunayataja kwa fahari. Lakini binti wa kidato cha nne hana shida ya kuona picha ya mhandisi mwanamke gazetini. Shida yake itakuja baadaye, na hakuna picha inayomwandaa.

Tuwaeleze inavyokuja. Mtu akisoma uhandisi chuo kikuu anakaa miaka minne. Akimaliza ana miaka 24 hivi. Hapo bado hajawa mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka afanye kazi chini ya usimamizi, ajaze kitabu cha kumbukumbu, aandike ripoti, na mpango wa Bodi wa mafunzo hayo kwa vitendo, ulioanza mwaka 2003, ni wa miaka mitatu. Piga hesabu. Ni miaka ile ile ambayo mama mkwe anaanza kuuliza, ukweni wanaanza kuhesabu miezi, na yeye mwenyewe, tusidanganyane, anataka mtoto. Mwenzake wa kiume akipata mtoto katika miaka hiyo anapongezwa saiti, ananunuliwa soda, kesho yake anaendelea na kitabu chake. Yeye kitabu kinasimama. Kikisimama mwaka mmoja, mradi aliokuwa akijifunzia umekwisha, msimamizi amehamia mkoa mwingine, na inambidi aanze kutafuta upya mahali pa kushikwa mkono. Wapo wasomi wetu ambao kitabu kilisimama hapo na hakikufunguliwa tena. Leo wanauza duka. Hatuna ubaya na duka, ila halikuhitaji miaka minne ya hesabu.

Waliliona hili hata watu wa mbali. Mwaka 2010 Norway ilianza kuwafadhili wahandisi wahitimu wanawake katika mpango huo wa Bodi ili wafike kwenye usajili. Ulikuwa msaada mkubwa kwa posho na kwa moyo. Mtoto, hata hivyo, haangaliwi na posho. Anaangaliwa na mtu.

Kwa fundi wa VETA au fundi sanifu aliyetoka Chuo cha Maji au Mbeya, mambo yanaanza mapema zaidi, na kazi yake ni ya mkataba mfupi. Hapa tunaomba mtuvumilie tutaje sheria, kwa sababu wazazi wengi wanadhani sheria imeshamaliza tatizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Inampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Inakataza kumpangia zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada ya hapo. Inamtaka mwajiri ampe kazi nyingine ikiwa ile aliyonayo ni ya hatari kwake au kwa mtoto, pale inapowezekana. Baba anapata siku tatu. Ni sheria nzuri, na ofisini kwenye kiyoyozi inafanya kazi.

Sasa ipelekeni saiti. Sheria hiyo hiyo inasema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Mikataba ya mafundi kwenye miradi mingi ni ya miezi mitatu mitatu. Inaisha, inaandikwa upya, na ikifika zamu ya kuandikwa upya tumbo likiwa limeonekana, kalamu inakosa wino. Hakuna anayekufukuza. Unaambiwa tu, "Tutakupigia simu." Mwenzetu mmoja aliyekuwa kwenye kampuni moja ya ujenzi alisubiri simu hiyo mpaka mtoto akaota meno.

Na hizo saa mbili za kunyonyesha, unazitumia vipi ukiwa kilometa 60 kutoka kwa mtoto, unapima mtaro wa bomba? Maziwa hayajui mkataba. Yanajaa saa nne asubuhi, yanalowesha ovaroli, na wanaume 20 wanajifanya wanaangalia mlima. Mwenzetu wa maji alikuwa anakamulia ndani ya gari la mradi, dereva amesimama nje akilinda mlango kama askari wa benki. Huyo dereva Mungu ambariki. Choo hakikuwepo. Ukitaka kujua kama mradi uliwahi kufikiria kwamba mwanamke atafanya kazi hapo, usisome andiko la mradi, tafuta choo.

Hayo mengine ya kuchekesha tunayazoea. Unafika kijijini na wenyeji wanampa mkono dereva: "Karibu sana mhandisi." Wewe wanakuuliza kama umeleta chakula cha mafundi. Au mteja anakuangalia ulivyoshika mita mkononi, anauliza, "Mama, fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?" Unafungua boksi la umeme, unamaliza kazi, taa inawaka, naye anampigia mwenzake simu kumwambia kuna mama hapa anatengeneza umeme. Kesho una wateja wawili. Hilo halijamfukuza kazini hata mmoja wetu. Tunalisema kwa sababu watu wa semina wanapenda kutuuliza juu ya dharau za wanaume, nasi tumechoka kulijibu. Wengi wa wanaume tuliofanya nao kazi walitufundisha vizuri, na wengine walitubebea ngazi bila kuombwa. Swali linalomwondoa mwanamke kwenye ufundi linaulizwa alfajiri, nyumbani, kabla hajavaa buti: mtoto atabaki na nani?

Kwetu sisi swali hilo lilijibiwa na watu wa aina mbili, na wote wametoka Kalenga.

Wa kwanza ni bibi. Wako hapa leo, wamekaa mstari wa mbele, tunaomba msiwapite wakati wa chakula. Mtoto wa mwenzetu wa mitambo aliletwa hapa akiwa na miezi saba, baada ya mama kupangiwa zamu. Mitambo ya umeme haizimwi usiku kwa sababu ya mtoto. Zamu ziko tatu, na ya usiku inafika kwa kila mtu. Mtoto alikaa kwa bibi mpaka miaka minne. Mama alikuwa anakuja kila alipopata siku, na vifurushi. Alipokuja kumchukua, mtoto alimwamkia vizuri, akamwita shangazi. Huyo mtoto leo yuko darasa la sita na anampenda mama yake, hakuna kilichoharibika. Lakini mama yake alituambia tuseme hivi: kama angekuwa na mahali pa kumweka mtoto karibu na kazini, miaka ile mitatu ingekuwa yake. Na bibi naye hakuwa kijana. Alibeba mtoto mgongoni akiwa na magoti yanayomuuma, akateremka naye mtoni. Tunapohesabu waliochangia umeme wa nchi hii, yeye yumo.

Wa pili ni binti wa kazi. Hapa ndipo panapotukaba, na tumebishana sana kama tupaseme.

Nenda Dar es Salaam uwaulize watu msichana mzuri wa kazi anatoka wapi. Watakujibu Iringa. Wanasema ni wavumilivu, hawana maneno, wanaamka mapema. Wanasema hivyo kama sifa, na sisi tuliozaliwa huku tunajua maana yake: ni watoto waliofundishwa kazi mapema kwa sababu nyumbani hakukuwa na jinsi. Wanachukuliwa stendi na begi moja. Kila mwanamke fundi ambaye mumewe yuko kazini na mama yake yuko mbali, anasimama juu ya mabega ya binti wa namna hiyo. Mhandisi mmoja wa Kalenga anasimama, binti mmoja wa Kalenga ameinama. Chama cha maendeleo kikipiga makofi kwa wa kwanza bila kumtazama wa pili, kitakuwa kinahesabu maendeleo kwa jicho moja.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, na juu ya hapo apewe kazi nyepesi isiyomzuia shule. Wengi mnaoishi mjini mna mabinti hawa nyumbani kwenu sasa hivi, na wengi wenu mnawatunza kama watoto wenu. Tunaomba mwongeze jambo moja. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawapokea walioacha sekondari njiani. VETA ina kozi fupi. Tukubaliane kwamba binti wa Kalenga anayelea mtoto wa mwana Kalenga, awe amepangiwa muda wa kusoma, na chama kichangie nusu ya ada yake. Kati yetu wawili wamefanya hivyo. Binti mmoja alianza kwa kumshikia tochi mama mwenye nyumba wakati wa kubadilisha soketi. Alimaliza VETA, na sasa anafunga umeme wa nyumba huko Mbagala. Binti wa kazi mwingine ilibidi atafutwe, ndiyo. Huo ndio usumbufu wake.

Wapo wazee watakaosema, na mmoja ametuambia hapo nje kabla hatujaingia: kwa nini mama asikae na mtoto wake mpaka akue, kazi ataikuta? Tunamheshimu mzee na tunamjibu kwa adabu. Mama yake mzee huyo hakukaa na mtoto mpaka akue. Alimfunga mgongoni akalima. Hapa hapajawahi kuwa na mwanamke asiye na kazi. Kulikuwa na kazi zinazokubali mtoto mgongoni na zisizokubali. Ngazi ya nguzo ya umeme haikubali. Na wenye umri wanakumbuka kwamba enzi za vijiji vya ujamaa palikuwepo na vituo vya kulelea watoto wadogo ili akina mama waende shamba la kijiji. Wazo hili halikuja na ndege.

Mkitazama kalenda mtaona kwa nini tunaharakisha. Mitaala mipya imeanza, na wanafunzi wa mkondo wa amali walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 watamaliza mwaka 2027. Watatoka na ujuzi wa mikono, wasichana wakiwemo, wakiwa na miaka 17 au 18. Na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatishwa masomo, wakiwemo waliopata mimba, kurudi shuleni. Wamerudi baadhi, na kila aliyerudi ameacha mtoto kwa mtu. Kama mtu huyo ni bibi mgonjwa, binti anakosa shule siku bibi anapokwenda kliniki. Walimu wetu wameona daftari za mahudhurio, waulizeni.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Bajeti ya mwaka huu ina mfuko wa karo kwa wasichana wa ufundi, na tunaomba usipunguzwe hata senti. Tunaomba kiongezwe kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana, hapa Kalenga. Vyumba viwili, jiko la uji, choo kidogo cha watoto na kikubwa cha walezi, maji ya bomba, uzio. Mchoro tumechora wenyewe na makadirio yameambatishwa mwisho wa kijitabu hiki. Usimamizi wa ujenzi tutaufanya bila malipo, kwa zamu, kama tulivyozoea. Walezi wawili walipwe mshahara, si ahsante. Wachaguliwe kati ya mabinti na akina mama wa hapa na wapelekwe mafunzo, kisha kituo kisajiliwe kwa Ustawi wa Jamii wilayani. Serikali ina programu yake ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, na ofisi ya wilaya inaijua. Tukiwa na jengo tutakuwa na la kuwaonyesha tukienda kuomba.

Watakaotumia kituo si wahandisi. Wahandisi tuko mbali. Watakitumia binti aliyerudi kidato cha pili, mama anayejifunza kuchomelea mjini Iringa na kurudi jioni kwa daladala, fundi cherehani, na mama wa nyanya siku ya mnada. Bibi naye atapata asubuhi tatu kwa wiki za kupumzisha magoti.

Baba zetu na kaka zetu, kwenu tuna ombi dogo lisilo la fedha. Zile siku tatu za likizo mnazopewa mtoto anapozaliwa, zichukueni zote, na mzitumie nyumbani. Mtoto akiugua, siku nyingine mwende ninyi kliniki. Mwenzetu wa barabara amefika alipo kwa sababu mumewe, ambaye ni mwalimu, alijua kupika uji wa lishe na hakuona haya majirani wakimwona na beseni la nepi.

Ahadi za leo zinaandikwa na mweka hazina kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kushoto. Daftari la bluu ni la karo, la kijani ni la kituo. Mwenye saruji, mabati au mbao aandike kiasi na mahali pa kuchukulia. Tuna gari la kuzoa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kuanzia Ipogolo. Mliotoa ahadi mwaka jana na hamjamaliza, daftari lenu ni lile la zamani, liko chini ya la kijani. Na akina mama wenye watoto wachanga, chumba cha nyuma kimefunguliwa, kina mkeka na maji ya moto. Bibi wawili wako zamu mpaka saa kumi.